Somo: Kofia ya mtoto mchanga kwa wiki moja, kwa sindano mbili, huku jiko likiendelea

Habari zenu wapendwa. Vitanzi vingapi? Sindano namba ngapi? Mbona kofia inambana mtoto kwenye paji la uso? Nimeshajibu haya mara nyingi mno, kwa hiyo nayaweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Nimeipanga kwa siku kwa sababu wengi wetu tunafuma palepale jikoni. Kuna kazi ya kufuma inayokwenda vizuri na sufuria iliyo motoni, na kuna ambayo haitaki sufuria kabisa. Ukizichanganya, utaunguza chakula au utafumua kofia.

Mahitaji

Uzi laini wa akriliki, unene wa DK (uzi wa unene wa wastani, angalia lebo), gramu 50 (utabaki). Sindano za kufumia za mm 4 na za mm 3.25. Sindano nene ya kushonea yenye ncha butu. Futi ya fundi cherehani. Mkasi.

Ukizunguka mjini Mwanza kutafuta uzi, iwe Makoroboi au sokoni, usinunue kwa macho. Uguse kwa upande wa ndani wa mkono au shingoni. Ukikuwasha wewe, mtoto hatauweza. Uzi wenye manyoya marefu uache hata kama umependeza, manyoya yake yanaingia mdomoni na puani. Ukinunua mabonge mawili ya rangi moja, linganisha namba ya rangi kwenye lebo, maana nyeupe mbili zinaweza kutofautiana na ukaja kuligundua hilo juani.

Maneno nitakayotumia: pleni ni pale uzi ukiwa nyuma ya kazi na sindano ikaingia kwenye kitanzi kutoka kushoto kwenda kulia. Pali ni pale uzi ukiwa mbele na sindano ikaingia kutoka kulia kwenda kushoto.

Jumatatu: sampuli

Kwa sindano za mm 4 anzisha vitanzi 28, fuma mistari 36, mmoja pleni na mmoja pali. Funga, fua, laza kivulini. Ikikauka, na si kabla, pima katikati: sm 10 ziwe na vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu.

Ukipata vitanzi 24, mkono wako unabana, panda sindano kubwa zaidi. Ukipata 20, unalegeza, shuka ndogo. Tofauti ya vitanzi viwili inaonekana ndogo, lakini ifanyie hesabu: kofia ya vitanzi 72 kwa mkono wa 24 inatoka sm 30, kwa mkono wa 20 inatoka sm 36. Tunayoitaka ni kama sm 33, ili ivutike kidogo juu ya kichwa cha mtoto mchanga chenye sm 35 hivi na ikae.

Jumanne: kuanzisha vitanzi

Siku hii usibandike kitu jikoni. Hapa ndipo mimi niliharibu, na kofia nyingi ninazoletewa kurekebishwa zimeharibikia hapahapa.

Anzisha vitanzi 74: 72 vya kofia na 2 vitakavyoliwa na mshono wa nyuma. Tumia njia ya mkia mrefu (mkia ni ncha ya uzi unayoiacha mwanzoni, ndiyo inayounda pindo), na upime mkia kwanza. Zungushia uzi kwenye sindano mara 10, kunjua, pima, zidisha kwa 8, kisha ongeza sm 40 za kushonea. Ukikisia, mkia utakuishia kwenye kitanzi cha 60 na utaanza upya.

Shika sindano MBILI za mm 4 pamoja kama moja, uanzishie vitanzi juu ya hizo mbili. Vikifika 74, chomoa moja. Vitanzi vitaonekana vimelegea na vibaya, usivikaze. Tatizo liko kwenye pindo, maana kofia inaweza kuvutika yote isipokuwa uzi ule wa mkia unaopita chini. Mkia ukiwa umekazwa, pindo linakuwa kama kamba: ribu (ule ukanda wa chini unaovutika, nitaueleza hapa chini) inajitanua juu yake lakini yenyewe haiendi popote, na mtoto anabaki na alama nyekundu kwenye paji. Kufua hakulegezi, kuvuta hakulegezi.

Jaribu kabla ya kuendelea: fuma mistari minne ya ribu, kisha vuta pindo kwa mikono miwili juu ya futi. Lifike sm 40 bila kulazimishwa. Lisipofika, fumua sasa ukiwa umepoteza mistari minne tu.

Ribu yenyewe: sindano za mm 3.25. Pleni 2, pali 2, rudia, malizia pleni 2. Mstari wa kurudi: pali 2, pleni 2, malizia pali 2. Mistari 10. Hesabu vitanzi kila baada ya mistari miwili. Vikizidi 74, umesahau kupitisha uzi katikati ya sindano ulipotoka pleni kwenda pali, ukajipandia juu ya sindano na kuwa kitanzi bandia.

Jumatano: mwili wa kofia

Sindano za mm 4, mstari pleni, mstari pali, mpaka sm 10 kutoka pindoni. Malizia na pali.

Hii ndiyo siku ya kande. Mahindi na maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yatakuachia muda mrefu wa kukaa, unainuka mara mojamoja kuongeza maji, nayo yawe ya moto, kwa sababu ya baridi yanakatisha mchemko na kuchelewesha kuiva. Inuka mwisho wa mstari. Ukiacha kazi katikati ya mstari vitanzi vinavutika na unaporudi unaweza kufuma kuelekea ulikotoka.

Alhamisi: kupunguza

Mstari wa 1: pleni 1, *pleni 6, viwili kwa pamoja*, rudia mara 9, pleni 1. Vinabaki 65.
Mstari wa 2 na yote ya kurudi: pali.
Mstari wa 3: badala ya pleni 6 iwe 5. Vinabaki 56.
Endelea hivyo kwa pleni 4, 3, 2, 1: vinabaki 47, 38, 29, 20.
Mstari wa 13: pleni 1, viwili kwa pamoja mara 9, pleni 1. Vinabaki 11.

Kata uzi sm 40, upitishe kwenye vitanzi 11 mara mbili, vuta. Mara moja haitoshi, tundu la juu litafunguka.

Ijumaa: kushona

Shona upande wa nje ukiwa unakutazama. Kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili kuna vijiti vidogo vya uzi kama ngazi. Chukua kijiti kimoja upande huu, kimoja upande ule, na baada ya kila sm 3 vuta taratibu mpaka mshono upotee. Ukivuta kwa nguvu utakunja kofia.

Jumamosi: kufua

Maji vuguvugu, sabuni kidogo, kamua ndani ya taulo, laza. Akriliki usiipige pasi, joto linaiua, inalegea na hairudi.

Mtoto akilala ndani kwenye joto la mchana, mvue. Kofia ni ya kutokea asubuhi na upepo wa ziwani.

Na chai, kwa sababu nayo mnauliza

Vikombe 2 vya maji, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, iliki 3. Chemsha kwa dakika 5 KABLA ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na mchemko unakiua. Kisha majani vijiko vidogo 2, maziwa vikombe 2, acha yapande mara moja, chuja.

---

MASWALI

Binti Nyegezi: Asante kwa somo dada. Sindano ni namba ngapi?

Mama Vitanzi: Imo kwenye mahitaji.

Shani wa Igoma: Mimi niliruka sampuli maana inapoteza uzi. Nimemaliza kofia na inabana. Naiokoaje?

Mama Vitanzi: Fumua. Uzi wa sampuli unafumuliwa na kutumika, haupotei. Nimeeleza Jumatatu kwa nini ipo.

Shani wa Igoma: Sawa, ila ungesema tu kwa upole.

Mama Vitanzi: Pole mdogo wangu. Nambie inabana pindoni au kote? Kama ni pindoni tu, kuna njia: kata kitanzi kimoja juu ya ribu, chomoa ule mstari, okota vitanzi 74 kwenye sindano za mm 3.25, fuma ribu upya kuelekea chini na ufunge kwa kulegeza. Kama ni kote, hakuna njia.

Fundi Buhongwa: Nimefanya sampuli kama ulivyosema, nimefua, nimepima mara tatu. Napata vitanzi 18. Sindano yangu imeandikwa 8 tu, haina mm. Muuzaji alisema namba 8 ndiyo mm 4.

Mama Vitanzi: Swali zuri sana. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ndiyo mm 4. Namba 8 ya Marekani ni mm 5. Zote zinazunguka mjini, hasa za mitumba. Na zinakwenda kinyume: za Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Marekani inanenepa. Kupima: zungushia ukanda mwembamba wa karatasi, weka alama zinapokutana, nyoosha kwenye rula. Ya mm 4 itakupa karibu mm 12 na nusu, ya mm 5 karibu 16.

Fundi Buhongwa: Imekuja 16. Asante sana mama.

Mkerewe: Huku joto, na pamba tunalima kanda hii hii. Kwa nini usitumie uzi wa pamba?

Mama Vitanzi: Unatumika, na ngozi inaupenda. Shida yake ni kwamba ukivutika haurudi kama akriliki au sufu, kwa hiyo ribu inalegea baada ya siku chache. Baki na vitanzi 74, ila ribu ifume kwa sindano za mm 3 na uifikishe mistari 14. Sampuli ya pamba ifue mara mbili, inaweza kusinyaa.

Zawadi K: Unauza shilingi ngapi?

Mama Vitanzi: Hili ni somo. Siuzi hapa.

Mwanafunzi wa Pasiansi: Nimejaribu bila ribu, pindo likajikunja lote kwenda juu. Nilidhani nimekosea. Ni kwa nini?

Mama Vitanzi: Hujakosea. Pleni inatoa alama ya V upande wa nje na kinundu upande wa ndani. Ukifuma pleni nje yote, kila kitanzi kimepindwa kwa upande uleule, na vyote vinajaribu kunyooka pamoja: chini panajikunja kuja mbele, kandoni panajikunja kwenda nyuma. Kwenye ribu, viwili vinavuta huku na viwili vinavuta kule, kwa hiyo vinatulizana. Ndiyo maana pia ribu inavutika na kurudi. Wengine huacha mkunjo huo kama pambo, ni halali.

Mwanafunzi wa Pasiansi: Na ya mtoto wa miezi mitatu hadi sita?

Mama Vitanzi: Anzisha 82, mwili mpaka sm 12, kwenye kupunguza rudia mara 10 badala ya 9. Utamaliza na vitanzi 12.

Dada wa Kirumba: Nyongeza kwa tunaokaa karibu na soko la samaki la Mwaloni: uzi unashika harufu ya dagaa kuliko nguo. Mimi naweka kazi kwenye ndoo yenye mfuniko, na mikono naosha kwa limao na chumvi kabla ya kushika sindano. Siku ya kukaanga dagaa sifumi kabisa.

Mama Vitanzi: Asante sana, hilo niliacha. Na mafuta ya dagaa kwenye uzi mweupe hutoa doa la njano baadaye hata kama leo halionekani.

Dada wa Kirumba: Kwa chai ya kufumia, matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) badala ya maandazi. Hayaachi mafuta vidoleni.

Mama Vitanzi: Kweli kabisa. Yachemshe mpaka uma uingie, tia karanga zilizosagwa mwishoni moto ukiwa mdogo, maana zinashika chini haraka.

Binti Nyegezi: Nimesoma yote sasa, samahani kwa swali la mwanzo. Kitanzi kimoja kimenidondoka mistari sita chini. Nafumua yote?

Mama Vitanzi: Usifumue. Kizuie na pini kwanza kisiendelee kushuka. Geuza upande wa pleni uwe kwako, ingiza kulabu ya kroshe kwenye kitanzi kutoka mbele, kamata kijiti cha kwanza juu yake, kivute kipite ndani. Kisha kinachofuata. Vijiti sita, halafu kirudishe kwenye sindano ya kushoto mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Hesabu tena: 74.