Kabla ya Kukubali Nafasi ya Programu ya Magneti: Mambo ya Kupima Nyumbani

Mzazi wa Kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, akipata habari kwamba mtoto wake wa darasa la nane amechaguliwa kujiunga na programu ya magneti, yaani programu maalumu ya sekondari ya umma inayochagua wanafunzi kutoka maeneo mbalimbali, jambo la kwanza analofanya ni kumshukuru Mungu, na la pili ni kuwapigia simu ndugu na jamaa. Yote mawili ni haki yake. La tatu, yaani kujibu kwamba nafasi imekubaliwa, naomba lisubiri siku chache, hasa ikiwa mtoto amepata nafasi mbili, kwa sababu anayekubali nafasi anakubali pia ratiba ya nyumba nzima kwa miaka minne.

Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunazipima programu hizi kwa kipimo cha shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, ambako mwanafunzi hodari hulala bwenini, na kengele ya asubuhi, chakula na prepo vyote vimo ndani ya uzio mmoja. Programu za Maryland ni za kutwa, kwa hiyo njia ya kwenda na kurudi ni sehemu ya shule, ingawa haitajwi kwenye vipeperushi. Sekondari za kaunti hii zimekuwa zikianza masomo saa 1:45 asubuhi na kumaliza saa 8:30 mchana, na mwanafunzi wa magneti kwa kawaida hachukuliwi na basi karibu na mlango wa kwao. Hupelekwa na mzazi au hutembea hadi kituo cha pamoja, mara nyingi kwenye shule ya jirani, na hapo ndipo safari ndefu huanza. Sekondari ya Poolesville, kwa mfano, iko magharibi kabisa mwa kaunti, kati ya mashamba, nayo hupokea wanafunzi kutoka miji kama Germantown na Clarksburg. Mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari jua huchomoza huku karibu saa 1:25, maana yake mtoto husimama kituoni gizani, kwenye baridi.

Binti yetu mkubwa, katika shule ambayo sitaitaja, alikuwa akiamka saa 11 kasoro robo alfajiri. Kufikia Novemba alikuwa akisinzia mezani na kijiko mkononi, wali ukipoa mbele yake, nami nikamgombeza nikidhani ni uvivu. Ilikuwa hesabu rahisi ambayo hatukuipiga. American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, inashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Mtoto anayemaliza kazi za shule saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri amelala saa 6. Basi fanyeni safari hiyo siku ya kazi, kwa saa ileile ya basi, kisha mkae mezani na karatasi, mwandike saa ya kuamka, ya kufika nyumbani, ya kula, ya kazi za shule na ya kulala. Ulizeni pia kama programu ina kipindi cha ziada mwisho wa siku, na kama lipo basi la jioni kwa anayebaki kwa michezo au klabu. Katika nyumba zetu, ambako wazazi wengi hufanya kazi za zamu, karatasi hiyo lazima ijibu pia nani atampokea mdogo wake, na kama bado kuna nafasi ya madrasa au kwaya.

Ugumu nao si wa aina moja, na hapa ndipo majina ya shule hutupoteza. Programu ya sekondari ya Montgomery Blair, iliyoanza mwaka 1985, ni ya sayansi, hisabati na sayansi ya kompyuta, na inamfaa mtoto anayeweza kukaa na swali moja la hisabati jioni nzima bila kuona ameonewa. Programu ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) ya sekondari ya Richard Montgomery, mjini Rockville, inadai upana: masomo sita, kila moja likipewa alama 1 hadi 7, pamoja na insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma. Mtoto anayependa hesabu lakini huandika insha kwa machozi atateseka huko, hata kama ripoti yake imejaa A. Kwa upande mwingine, IB inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha ya nyumbani kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha hizo. Mwulizeni mratibu kama shule yenyewe inalikubali jambo hilo. Kwangu mimi, nafasi ya mtoto kusoma fasihi ya Kiswahili na kupewa alama kwa ajili yake ina uzito mkubwa.

Ukubwa wa shule uangaliwe pia. Blair ina wanafunzi zaidi ya 3,000 na magneti ni sehemu ndogo ya umati huo, ilhali Poolesville ni ndogo zaidi kwa mbali. Anwani yenu nayo ina kauli, kwani nafasi za baadhi ya programu hugawanywa kwa eneo la makazi, na mpangilio hubadilika; someni tangazo la mwaka wenu wenyewe.

Msiiache shule ya mtaani nje ya ulinganisho. Vyuo vikuu hupokea kutoka kila sekondari waraka unaoeleza masomo yanayotolewa, na mwombaji husomwa kwa kuzingatia fursa alizokuwa nazo. Mtoto anayefanya vizuri katika madarasa magumu ya AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) karibu na nyumbani, akiwa amelala vya kutosha, hajapotea.

Zungumzeni na wanafunzi wa darasa la kumi na la kumi na moja, kwa kuwa wa darasa la tisa bado wana furaha ya kuchaguliwa, na waulizeni waliacha nini ili wamudu. Mtoto aulize mwenyewe, ninyi mkiwa kando.

Kisha mwandikieni mratibu barua pepe, mpate jibu la maandishi: mzigo ukimzidi mtoto katikati ya mwaka, anaweza kurudi lini shule ya eneo lake, na masomo aliyokwisha kuyafanya yatahesabiwaje? Sisi tuliuliza hayo Januari, binti akiwa tayari amechoka, na majibu yalichukua wiki tatu ambazo alizidi kupanda basi lile gizani.