Dakika 10 za kwanza za darasa la Kiitaliano: zoezi lisilokatizwa na wachelewaji

Darasa la jioni Nairobi likianza, nusu ya wanafunzi huwa bado wako kwenye jam. Chagua zoezi ambalo mtu anaweza kuliingia katikati bila kusimamisha wenzake. Linalofaa kuliko yote ni "Trova qualcuno che…", yaani tafuta mtu ambaye…

Hatua ya 1. Kata karatasi ya A4 katikati. Kila nusu iwe na sentensi sita, na nafasi ya jina mbele ya kila moja: beve il tè senza zucchero (hunywa chai bila sukari), abita lontano (anaishi mbali), lavora il sabato (hufanya kazi Jumamosi), cucina bene (hupika vizuri), ha un fratello (ana ndugu wa kiume), parla tre lingue (huzungumza lugha tatu). Ndoa, umri na dini viache. Mtu mzima akiulizwa hayo mbele za watu hunyamaza.

Hatua ya 2. Kabla hawajasimama, geuzeni sentensi ziwe maswali ubaoni: beve → bevi?, abita → abiti?, ha → hai? Zoezi huharibikia hapa. Ukiiruka hatua hii, watasoma "beve?" kama ilivyoandikwa, na hiyo ni namna ya Lei, "wewe" ya heshima. Kijana huona vibaya kumwambia mzee "tu", yaani "wewe" ya kawaida. Mweleze kwamba wanafunzi wenzake huitana hivyo, ila mgeni hotelini ni Lei.

Someni maneno kwa sauti pia. Msomaji wa Kiswahili ataitamka "che" kama ya "cheka", kumbe kwa Kiitaliano ni "ke", na "ce" ndiyo "che". "Zucchero" ni mtihani mzuri: k yake inakazwa. Konsonanti mbili msiziache zipite, maana sete ni kiu na sette ni saba.

Hatua ya 3. Dakika sita, wote wamesimama, jina la mtu liandikwe mara moja tu kwenye karatasi. Bila sharti hilo marafiki wawili watamaliza kila kitu pembeni. Anayechelewa mpe karatasi mlangoni. Wewe zunguka, sikiliza, andika makosa, usisahihishe bado.

Hatua ya 4. Kila mmoja aseme sentensi moja juu ya mwenzake: "Wanjiru lavora il sabato." Kitenzi kimerudi kwenye nafsi ya tatu, na hapo ndipo utajua nani ameelewa. Sahihisha makosa mawili, basi.

Kwa wanaoanza kabisa, subiri hadi wiki ya tatu hivi. Kwa sasa finyanga karatasi iwe mpira, rusha, na anayeudaka aseme: "Mi chiamo… E tu?" (Naitwa… Na wewe?)