Mmefunga mwamba wa pweza, sasa jikoni mnapika nini?

Kufunga mwamba, yaani kijiji kuacha kuvua pweza hapo kwa miezi kadhaa, siku hizi kila mtu anakusifia na kweli kunalipa, pweza anakua chapchap mno, maisha yake yote ni mwaka na kidogo tu, kwahiyo ukimpumzisha miezi mitatu unamkuta mkubwa haswa. Andavadoaka kule Madagascar walianza 2004, na huku kwetu Kisiwa Panza, Pemba, nao wanafunga na kufungua.

Ninachokiona mimi ni kwamba shida iko siku ya kufungua. Matajiri, wale wanunuzi wa pweza, wanafika na mizani na masanduku ya barafu toka asubuhi, watu wanatoka majini na pweza wao, wote wanaishia kwenye mzani, jioni nyumbani ugali na mchicha! Na aliyebanwa miezi yote hiyo ni mama, maana mwanaume mwenye ngalawa atatafuta pengine, mama anakwenda kwa miguu siku za bamvua, maji yanapotoka mbali sana, ukimfungia mwamba wa karibu ushamfungia kitoweo.

Kwahiyo msifunge mwamba wote. Fungeni kipande, upande wanaofikia kina mama kwa miguu ubaki wazi, na hilo lipangwe kwenye kikao wakiwepo wao wenyewe, sio waje kulisikia kisimani. Siku ya kufungua iangukie bamvua, la sivyo watafaidi wazamiaji peke yao.

Halafu kubalianeni kabisa nyumbani, katika pweza watano mmoja hauzwi. Huyo mtoe matumbo na wino, mpige, muoshe, mtie chumvi, mtundike kwenye kamba juu apigwe upepo na jua, usimtandaze mchangani, na mfunike na wavu mwembamba inzi wasimguse, usiku muingize ndani. Akikauka vizuri anakaa wiki kadhaa, siku bahari imechafuka unamroweka unamtia nazi, watoto wanakula (mimi huyo mkavu ndo namuona mtamu kuliko mbichi, ila tusibishane hapa).

Vidogo chini ya nusu kilo achaneni navyo. Na jike ukimkuta kajifungia shimoni na mayai muache, yule hali kitu mpaka yaanguliwe ndo anakufa, nyama yenyewe imeshakonda, utapata nini? Shimo nalo usilivunje kwa chuma, akitoka huyu anahamia mwingine, na kina mama wazoefu wanayajua mashimo yao moja moja.