Kuendesha lori la petroli kutoka Dar hadi Tunduma: hatua ninazofuata kila safari

Saruji ukishaifunga imetulia. Petroli haitulii, inatembea ndani ya tanki hata wewe ukiwa umeshasimama. Dereva mgeni kwenye kazi hii akilielewa hilo, mengine yote yatamuingia.

1. Kabla ya kutoka depo

Zunguka gari kwa miguu. Angalia matairi, vali za chini, vifuniko vya juu na sili. Upepo wa breki ukishajaa, zima injini, kanyaga breki ushikilie, kisha sikiliza. Ukisikia upepo unavuja, usitoke.

Angalia pia bamba la rangi ya chungwa. Kwa petroli, juu iwe 33, namba ya aina ya hatari, na chini 1203, namba ya mzigo wenyewe. Kwa dizeli ni 30 na 1202. Ukibadilisha mzigo, badilisha na bamba, maana zimamoto akifika kwenye ajali ataamini kilichoandikwa pale.

2. Kona na vipilefti

Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka. Ukishaingia kwenye kona, mafuta yanapanda upande wa nje, na yanarudi kwa kuchelewa kuliko usukani wako. Ndiyo maana kumkwepa bodaboda kwa kuyumbisha usukani ghafla kunaliangusha tanki kirahisi. Tanki lililojaa nusu ni baya zaidi, kwa sababu mafuta yana nafasi ya kukimbia. Kikomo cha malori ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi, lakini kuna kona ambazo hata 30 ni nyingi.

3. Mteremko

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Ukitoka Mbeya na mzigo, kuna mteremko wa Iwambi kushukia Mbalizi. Mimi nasimama kabla ya kuuanza. Nashuka, napitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inakwama, na sishuki mpaka ipoe na irekebishwe.

Gia ndogo unaiweka ukiwa juu. Gari likishashika kasi, gia unayoitafuta haiingii, na unabaki katikati bila gia yoyote. Nyutro kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta, usithubutu kabisa. Acha injini ishike gari. Mwendo ukizidi ule uliojipangia, kanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue kwa kama kilomita 10 kwa saa, halafu achia kabisa. Usiegeshe mguu kwenye breki muda wote: zinapata moto, zinapoteza nguvu, na harufu ya kuungua unaisikia wakati umeshachelewa. Niliwahi kuisikia mara moja, nikiwa kijana kwenye kazi. Gari lilisimama, lakini mikono ilinitetemeka mpaka Mbalizi.

4. Kulala njiani

Jiko la mkaa lisiwashwe karibu na gari, hata kama tanki ni tupu. Tena tupu ndilo la kuogopa: limebaki na mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka.

5. Gari likianguka

Kama unaweza, zima injini na ukate swichi kuu ya betri. Toka, ondoka kwa kuelekea upepo unakotoka, ukiwa mbali ndipo upige simu: 114 zimamoto, 112 polisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mitaroni, kwa hiyo usijifiche mtaroni.

Kisha zuia watu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuja na madumu kuchota mafuta ya tanki lililoanguka, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Mimi na tingo wangu tumeshagawana kabla ya safari: yeye anakimbilia upande mmoja wa barabara, mimi mwingine, kila mmoja anasimamisha magari na kuwarudisha wenye madumu. Nikiwa peke yangu, naanza na upande ambao upepo unaelekea, nikizungukia mbali, kwa sababu wa huko ndio mvuke utawafikia kwanza.