Kabla ya kufungua boneti: mambo ya kuzingatia unapoitwa kutafuta hitilafu ya umeme kwenye eskaveta

Ukipigiwa simu kwamba eskaveta imegoma saiti, usiondoke kwanza. Mtafute opereta mwenyewe, si bosi wake aliye mjini, umuulize: starta inazungusha au hailii kabisa? Skrini imeandika kodi gani, yaani namba gani ya hitilafu? Na jana au juzi mtambo ulifanyiwa nini: ulichomelewa, ulioshwa kwa presha, ulibadilishwa betri? Hilo la tatu ndilo linalofichwa, kwa hiyo uliza mara mbili. Mwambie pia apige picha kibati cha namba ya mtambo. Eskaveta nyingi tunazotengeneza ni mitumba iliyotoka Japani, na nyaya zake mara nyingine hazifanani na za modeli hiyo hiyo iliyoundwa kwa soko la nje. Mchoro wa umeme hutafutwa kwa namba, si kwa jina la modeli.

Kwenye begi weka maltimita, pini nyembamba za kupimia soketi kwa nyuma, brashi ya waya, msasa, fyuzi za ampea mbalimbali na rilei za volti 24. Rilei ya volti 12 ya gari dogo itaingia bila shida na itafanya kazi, kisha koili yake itaungua na utaitwa tena. Taa ya kupimia ya balbu iishie kwenye taa na honi. Usiiguse kwenye nyaya za kompyuta ya injini, maana mkondo inaouvuta unaweza kuua saketi ya ndani. Waya usiutoboe kabisa. Masika ikipita, maji yameingia kwenye katobo hako na shaba imegeuka unga wa kijani.

Shusha baketi hadi ardhini, funga wenzo wa usalama, ufunguo ukae mfukoni mwako. Vua pete na saa. Kufungua betri anza na hasi, kufunga malizia na hasi. Mtambo unaotumia AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli) usiukate umeme mara tu injini inapozimwa, kwa kuwa pampu bado inarudisha maji yale kwenye tangi. Upe dakika kadhaa.

Betri ni mbili za volti 12 zilizofuatana, jumla volti 24. Pima kila moja peke yake. Zikiwa zimetulia na zimejaa, kila moja itasoma kama 12.6. Ukikuta moja ina 12.7 na mwenzake 11.9, angalia kama kuna mtu ameunga redio au chaji ya simu kwenye betri moja ili apate volti 12. Hiyo moja hunyonywa kila siku, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa. Ondoa waya huo, weka kibadilisha volti cha 24 kwenda 12. Injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 27.5 na 28.5.

Sasa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu. Hapa ndipo pesa za wenye mitambo zinapoteketea, kwa hiyo soma taratibu. Asubuhi starta inazungusha kwa uvivu. Zinanunuliwa betri mpya, mtambo unawaka siku mbili, halafu yale yale. Starta inashushwa, inabadilishwa. Unawaka wiki. Kisha taa za skrini zinaanza kucheza, kodi za sensa zinamiminika, na mtu anatamka neno la gharama kubwa: kompyuta. Muda wote huo, kebo ya hasi imefungwa kwenye fremu juu ya rangi. Mtambo ulipulizwa rangi upya kabla ya kuuzwa, boliti ikakazwa juu ya rangi hiyo, na chini ya kichwa cha kebo kutu inakula polepole.

Ukipima kebo hiyo kwa omu utaambiwa ni nzima, kwa sababu mita hutuma mkondo mdogo mno, ambao hata nyuzi tatu za shaba zinaubeba. Starta huvuta mamia ya ampea. Kwa ampea 500, ukinzani wa omu 0.01 unameza volti 5, na nyaya za mita yako peke yake zina omu kama 0.2. Huwezi kuuona.

Pima ukiwa na mzigo. Zuia injini isiwake, weka pini moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, si kwenye klempu, na nyingine kwenye mwili wa starta. Mwenzako azungushe kwa sekunde tano. Ikizidi volti 0.5, tatizo liko upande huo. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya starta. Kisha sogeza pini kiungo kwa kiungo mpaka volti zilipopotelea. Mara nyingi kiungo hicho ni cha moto. Kwangua fremu hadi chuma king'ae, safisha kichwa cha kebo, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Usiahirishe, maana mkondo uliokosa ethi hupita kwenye nyaya nyembamba za sensa na kuziyeyusha.

Kodi zikiwa nyingi kwa pamoja, pima ile volti 5 inayolisha sensa. Ikiwa imeanguka, chomoa sensa moja moja. Itakayoirudisha ndiyo yenye shoti. Kompyuta zisipoongea, zima umeme upime kati ya nyaya mbili za CAN, zile ambazo kompyuta za mtambo huongelea: omu 60 ni sawa, 120 maana yake kizuizi (rezista) kimoja cha mwisho wa nyaya hizo kimekatika au hakipo, karibu na sifuri ni shoti.

Anayetaka kuchomelea baketi akate betri kwanza na aweke ethi ya mashine ya kuchomelea karibu na anapochomelea, asipitishe mkondo kwenye beringi ya mzunguko, ile inayobeba sehemu ya juu ya mtambo ikigeuka. Presha ya maji isielekezwe kwenye soketi. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa waya wala kwa ampea kubwa zaidi. Panya nao hupenda nyaya za mtambo uliolala mwezi mzima, angalia chini ya kiti. Na kodi zote ziandikwe daftarini, pamoja na saa za mtambo, kabla hujazifuta.