Slaidi kwa Anayeanza: Mpangilio Kwanza, Mapambo Baadaye

Mtu akifungua programu ya slaidi kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia rangi, picha na maandishi yanayorukaruka. Hapo ndipo saa mbili hupotea, na mwisho wake ni faili ambalo kila ukurasa una sura yake. Programu hii inajua kupanga kurasa vizuri kuliko mkono wako, ila ni lazima uandike pale inapotarajia uandike. Ukilielewa hilo mapema, mengine yote ni kuzoea vitufe.

Maelezo haya yanafuata PowerPoint, na majina ya vitufe yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi. LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, na Google Slides, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, zina vitu hivyohivyo kwa majina yanayokaribiana. PowerPoint ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza kurasa za kuchapwa kwenye plastiki angavu za projekta za zamani. Ndiyo maana hadi leo slaidi ni ukurasa mmoja usioshuka chini: kisichoenea hakionekani.

Kabla ya kugusa kompyuta

Chukua karatasi, andika sentensi moja kwa kila slaidi unayokusudia. Iwe sentensi kamili. "Mauzo" ni neno tu. "Mauzo yalishuka baada ya bei kupanda" ni hoja, na ndiyo itakuwa kichwa cha slaidi. Kwa mazungumzo ya dakika 10, slaidi 6 hadi 8 zinatosha. Ukijikuta una 25, unaandaa kitu cha kusomwa, na hicho kinafaa zaidi kuwa waraka.

Kufungua na kuweka msingi

Fungua programu, chagua Blank Presentation. Kushoto utaona vijipicha vya slaidi, katikati slaidi unayoifanyia kazi, chini yake sehemu ya madokezo yako, na juu utepe wenye vichupo: Home, Insert, Design na kadhalika. Madokezo yasipoonekana, bofya Notes chini ya dirisha.

Kisha fanya mambo mawili kabla ya kuandika herufi yoyote.

1. Nenda kichupo cha Design, bofya Slide Size. Skrini na projekta nyingi za sasa ni za uwiano wa 16:9 (upana kwa kimo), na PowerPoint huanza hivyo yenyewe, kwa ukurasa wa sentimita 33.87 kwa 19.05. Projekta za zamani ni 4:3. Uliza mapema. Ukibadilisha uwiano baada ya kumaliza kazi, programu itakutaka uchague kati ya kukuza kila kitu, kingo zikatwe, au kupunguza kila kitu, na kwa vyovyote utapanga upya slaidi moja baada ya nyingine.

2. Bonyeza Ctrl+S, lipe faili jina, chagua mahali pa kulihifadhi. Programu hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, lakini dakika 10 za kazi ni nyingi kuzipoteza umeme ukikatika. Zoea kubonyeza Ctrl+S kila unapomaliza slaidi.

Visanduku viwili visivyofanana

Hapa ndipo penye uzito wa somo lote. Slaidi mpya, unayoiongeza kwa Ctrl+M, huja na visanduku vyenye mpaka hafifu na maneno kama "Click to add title". Hivi tuviite visanduku vya mpangilio. Aina ya pili ni kisanduku unachokichora mwenyewe kwa Insert kisha Text Box. Hicho tukiite kisanduku huru.

Kwa macho vinafanana, kwa kazi havifanani kabisa. Kisanduku cha mpangilio kinajua kazi yake: hiki ni kichwa, hiki ni mwili. Ukibadilisha fonti (mtindo wa herufi) au rangi ya wasilisho zima, kinafuata. Ukichagua mpangilio mwingine, maandishi yake yanahamia mahali pake papya. Programu za kuwasomea wasioona huvitumia vichwa hivyo kumwambia msikilizaji yuko slaidi gani. Kisanduku huru hakijui lolote kati ya hayo. Kitabaki pale pale ulipokichora, hata kama picha mpya imekaa juu yake.

Anayeanza mara nyingi hufuta visanduku vya mpangilio kwa sababu haviko anapotaka, kisha anachora vyake. Matokeo yake ni vichwa vinavyopanda na kushuka kidogo kila slaidi inapobadilika. Mtazamaji huenda asijue nini kinamsumbua, lakini kitamsumbua. Badala ya kufuta, bofya Home kisha Layout, uchague mpangilio unaokufaa: Title and Content kwa hoja za kawaida, Two Content kwa kulinganisha, Title Only kwa picha au mchoro mkubwa, Blank kwa nadra sana.

Kujipima, fungua View kisha Outline View. Maandishi yote yaliyo kwenye visanduku vya mpangilio yataorodheshwa kushoto. Sentensi isiyoonekana pale iko kwenye kisanduku huru. Ikate, uibandike panapostahili. Na kama umeburuta visanduku hadi slaidi imeharibika, kitufe cha Reset kwenye Home kinavirudisha mahali pake bila kufuta maandishi.

Vitufe vinavyoharakisha uandishi ni vichache: Enter huanza nukta mpya (ile alama inayotangulia kila hoja), Tab huishusha nukta ngazi moja na Shift+Tab huirudisha, Shift+Enter hushuka mstari bila kuanza nukta mpya, Ctrl+Enter hukupeleka kisanduku kinachofuata, na ukiwa kwenye cha mwisho hutengeneza slaidi mpya. Ukiwa na ile karatasi yako ya sentensi, unaweza kuingiza mifupa ya wasilisho zima bila kugusa kipanya.

Unapobandika kutoka kwenye waraka, tumia kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Keep Text Only. Vinginevyo fonti na ukubwa wa waraka huweza kuingia pamoja na maneno, na slaidi yako itakuwa na fonti tatu kabla hujajua.

Maandishi yanapojipunguza

Ukijaza kisanduku kupita kiasi, programu hupunguza ukubwa wa herufi kimyakimya ili yote yaenee. Huo si msaada, ni onyo. Mwili wa slaidi huanza na ukubwa wa 28. Ukiona umeshuka chini ya 24, gawa slaidi iwe mbili. Lebo za michoro zinaweza kufika 18, si chini ya hapo. Kipimo rahisi: weka slaidi ijaze skrini, simama, rudi nyuma hatua tano au sita. Usipoisoma kwa raha, aliyeketi safu ya nyuma hataisoma.

Slaidi mama

Rangi, fonti na nembo havibadilishwi slaidi kwa slaidi. Fungua View kisha Slide Master. Kijipicha kikubwa cha juu kabisa ndicho slaidi mama. Vidogo vilivyo chini yake ni mipangilio inayorithi kutoka kwake. Badilisha fonti ya kichwa kwenye mama, na slaidi zote zitafuata mara moja, mradi uliandika kwenye visanduku vya mpangilio. Ukimaliza, bofya Close Master View. Kwenye Google Slides, sehemu hii iko View kisha Theme builder.

Matatizo matatu hujirudia hapa. Nembo ikionekana kwenye slaidi chache tu, uliiweka kwenye mpangilio mmoja badala ya mama. Ukiwa kwenye slaidi ya kawaida na nembo inakataa kushikwa, usidhani faili limezuiwa kubadilishwa; nembo inaishi kwenye slaidi mama na lazima urudi huko. Na namba za slaidi zisipotokea hata baada ya Insert, Slide Number na Apply to All, mpangilio huo umeondolewa visanduku vya chini: rudi Slide Master, chagua mpangilio, weka tiki kwenye Footers.

Picha na michoro ya takwimu

Ingiza picha kwa Insert kisha Pictures. Badilisha ukubwa kwa kuvuta pembe, kamwe usivute upande, kwa sababu upande huirefusha au kuinenepesha sura ya mtu.

Picha ya simu ya pikseli milioni 12 ina upana wa pikseli 4,000 hivi, wakati skrini ya kawaida ya Full HD ina 1,920 tu. Zinazozidi hazionekani na mtu yeyote, lakini zinalifanya faili kuwa zito na gumu kutumwa. Bofya picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa tiki ya Apply only to this picture, acha ile ya kufuta sehemu zilizokatwa, uchague 150 ppi (pikseli kwa kila inchi). Slaidi ya 16:9 ina upana wa inchi 13.33, kwa hiyo 150 ppi inakupa pikseli 2,000, na hiyo inatosha kabisa. Weka nakala ya faili la awali kando, maana baada ya kuhifadhi na kufunga huwezi kurudisha kilichotupwa.

Mchoro ulionakiliwa kutoka Excel unahitaji uangalifu. Ukiubandika kama kiungo, takwimu zinategemea faili la Excel lililobaki kwenye kompyuta yako. Ukichagua Embed Workbook, kitabu kizima cha Excel huingia ndani ya slaidi, pamoja na majedwali ambayo hukukusudia mtu ayaone; anayepokea faili anaweza kuyafungua. Kama unalituma nje na data si ya wote, bandika mchoro kama Picture.

Rangi ukutani si rangi kwenye skrini

Projekta huongeza mwanga tu. Haiwezi kurusha giza. Nyeusi ya slaidi ukutani ni rangi ya ukuta wenyewe. Chumba kikiwa na mwanga, slaidi ya bluu iliyokoza inageuka kijivu na maandishi yake hufifia. Kwa chumba chenye mwanga, tumia mandhari nyeupe na maandishi meusi au ya bluu nzito. Mandhari nyeusi iache kwa ukumbi wa giza au skrini za televisheni. Usitofautishe mambo kwa nyekundu na kijani pekee, kwani wapo wasiozitofautisha. Ongeza neno au umbo.

Mpito na uhuishaji

Mpito ni namna slaidi moja inavyoipisha nyingine; uhuishaji ni mwendo wa vitu ndani ya slaidi. Kwa mpito, Fade kwa slaidi zote inatosha. Kwa uhuishaji, Appear pamoja na On Click, na pale tu unapotaka hoja zitokee moja moja.

Slaidi zikianza kujiendesha zenyewe katikati ya maelezo, sababu ni moja kati ya mbili: kichupo cha Transitions kina tiki kwenye After, au uliwahi kufanya mazoezi kwa Rehearse Timings na muda ule ukahifadhiwa. Ondoa tiki ya Use Timings kwenye kichupo cha Slide Show.

Kuonyesha

F5 huanza mwanzo, Shift+F5 huanza slaidi uliyopo. Kwenye laptopu nyingi utahitaji kushika Fn pamoja nazo. B huifanya skrini kuwa nyeusi ili watu wakutazame wewe, na ukiibonyeza tena slaidi inarudi. Andika namba ya slaidi kisha Enter, utafika moja kwa moja bila kupekua mbele ya watu. Hii hufaa sana wakati wa maswali, kwa hiyo kuwa na orodha ya namba mkononi. Esc hutoka. Kwenye Google Slides, kuanza ni Ctrl+F5.

Ukiunganisha projekta kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Hapo wasikilizaji wataona slaidi, nawe utaona madokezo, saa na slaidi inayofuata. Ikitokea kinyume, yaani madokezo yako yako ukutani, bofya Display Settings juu ya dirisha hilo, kisha Swap Presenter View and Slide Show. Nyumbani, bila projekta, Alt+F5 hukuonyesha mwonekano huo wa mzungumzaji ili uuzoee.

Kuhamia kompyuta nyingine

Fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya ukumbini hubadilishwa na nyingine yenye upana tofauti, na mistari inavunjika vibaya. Ama tumia fonti za kawaida kama Arial, ama nenda File, Options, Save, uweke tiki kwenye Embed fonts in the file. Baadhi ya fonti haziruhusu kupachikwa, basi jaribu kwanza. Video iwe ya MP4, na iingizwe ndani ya faili. Iliyounganishwa kwa kiungo tu itabaki nyuma usipoibeba kwenye folda hiyohiyo.

Beba pia nakala ya PDF. Itafunguka karibu popote, ila ndani yake hakuna uhuishaji: vitu vyote vya slaidi hutokea kwa pamoja, na picha tatu ulizozipanga zitokee kwa zamu mahali pamoja zitafunikana. Kwa slaidi kama hiyo, chagua kijipicha chake, bonyeza Ctrl+D kupata nakala, acha picha moja kwenye kila nakala, kisha ndipo utoe PDF.