Gari na Baridi ya Minnesota: Yafanye Haya Kabla Theluji Haijaanguka

Kila ikifika Desemba simu huanza kuniingia alfajiri. Mtu ametoka Mwanza, Bukavu au Eldoret mwaka huu huu, amenunua gari lake la kwanza hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, lilikuwa linatembea vizuri tu, na leo limegoma kuwaka huku zamu yake kazini inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Simu hizo nazipokea kwa moyo mweupe. Lakini ni afadhali uyapate yote hapa, na uyasome mwezi wa kumi, kabla hayajakufika.

Mimi kazi yangu ni kubeba wagonjwa. Zamani nilikuwa naendesha pikapu ya mboga kutoka Lushoto kushuka Mombo. Siku hizi napeleka wazee kusafishwa damu, watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo huwezi kumwambia asubiri theluji iyeyuke. Lazima gari liwake, na lazima lifike.

Wageni wengi huogopa theluji kwa sababu wanaiona. Lakini kinachokuacha uwanjani asubuhi ni baridi yenyewe, na kinachokutia mtaroni ni barafu usiyoiona. Theluji inakuja ya tatu. Ukilishika hilo utajua pesa yako uanze kuipeleka wapi.

Anza na betri

Baridi inalibana gari pande mbili kwa wakati mmoja. Oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu nyingi zaidi kuizungusha injini. Wakati huo huo betri inadhoofika: ikifika sifuri ya Fahrenheit, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, inabakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake za kiangazi. Na hapa sifuri hiyo ni jambo la kawaida. Tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulishuka hadi 28 chini ya sifuri za Fahrenheit, ambazo ni 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Ndiyo maana betri ya miaka minne inaweza kukudanganya hadi Novemba. Angalia kibandiko cha tarehe juu yake. Ikizidi miaka mitatu, ipeleke ikapimwe. Maduka mengi ya spea hapa yanapima bure. Ukinunua mpya, tafuta herufi CCA na namba iliyo pembeni yake. Hiyo ndiyo nguvu yake ya kuwasha gari kwenye baridi kali, na isiwe chini ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kisha fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani umeganda pale waya zinapofungwa, umeme haupiti sawasawa. Zima gari, legeza waya, ukianza na ya hasi, sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, futa mpaka pakauke, kaza tena na ya hasi iwe ya mwisho. Kazi ya robo saa, na mara nyingi ndiyo tiba yote.

Ikitokea umelazimika kubusti, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine, fuata mpangilio huu. Waya nyekundu ianze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili iende kwenye chanya ya betri nzima. Waya nyeusi ifungwe kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho usiifunge kwenye betri iliyokufa: ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi inayotoka humo. Acha gari zima lingurume dakika chache ndipo uwashe bovu. Lakini kama betri imevimba ubavuni, usiiguse. Maji yake yameganda, na kuipa umeme hivyo kunaweza kuipasua usoni mwako.

Maji ya rejeta na ya wipa

Kwetu dereva akiona rejeta imepungua anaongeza maji ya bomba na safari inaendelea. Hapa tabia hiyo iache kabisa. Maji yakiganda yanatanuka, na yanaweza kupasua injini yenyewe. Hapo huna tena gari. Tumia dawa ya rejeta iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, ambayo haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri za Selsiasi. Usidhani dawa tupu bila maji ni bora zaidi: hiyo inaganda mapema kuliko mchanganyiko.

Ya wipa ni rahisi. Nunua galoni iliyoandikwa inahimili 20 chini ya sifuri za Fahrenheit au zaidi, na iweke mbali na watoto kwa kuwa ni sumu. Oili ya injini ifuate kitabu cha gari, mara nyingi ni ya 0W au 5W, yaani ile inayobaki nyepesi kwenye baridi.

Tairi

Mpira wa tairi la kiangazi unakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na ukikakamaa haushiki barabara. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini. Utalitambua kwa alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Kama uwezo upo, funga manne. Ukifunga mawili tu mbele, nyuma inaweza kukupita kwenye kona. Tairi zenye misumari usinunue, sheria ya Minnesota haiziruhusu kwa wakazi.

Anayenunua mtumba asome namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiwa ni 3516, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, na muuzaji akikwambia ni jipya, mshukuru uondoke. Mifereji ikishuka chini ya milimita 5 hivi, tairi linakuwa dhaifu kwenye theluji ingawa sheria bado inakuruhusu kutembea nalo. Upepo wa tairi nao unapungua wenyewe, takriban PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit zinazoshuka. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Na wewe mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne: hilo linakusaidia kuondoka. Kusimama mtasimama sawa na sisi wengine.

Asubuhi

Ondoa theluji gari zima, pamoja na paa. Ukiiacha juu, breki ya kwanza itaiporomosha yote kwenye kioo cha mbele nawe uko barabara kuu. Kioo kikwangue kwa kikwangulio, usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Hakikisha ekzosi haijazibwa na theluji kabla ya kuwasha, na kamwe usiache gari linanguruma ndani ya gereji ya nyumbani, hata mlango ukiwa wazi. Ndani ya moshi ule mna gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya.

Vioo vikifunga ukungu kwa ndani, washa hita pamoja na AC. Inashangaza watu, lakini AC inakausha hewa. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizime.

Jioni ukiegesha, zima wipa kwanza ndipo uzime gari. Zikigandia kiooni halafu uwashe gari asubuhi, mota yake inaweza kuungua.

Barabarani

Kama umewahi kupita njia ya udongo mfinyanzi wakati wa masika, nusu ya elimu hii unayo tayari. Mguu unakuwa mwepesi, usukani unazungushwa taratibu, na kila jambo linafanywa mapema. Nafasi kati yako na gari la mbele iwe ya sekunde nane hadi kumi. Ile teknolojia ya kushikilia mwendo wenyewe izime.

Barafu nyeusi ndiyo inayotumaliza. Si nyeusi kweli. Ni ganda jembamba linaloonyesha lami iliyo chini yake, kwa hiyo unaona barabara yenye maji tu. Daraja la barabara ya 610 juu ya mto Mississippi, kati ya Brooklyn Park na Coon Rapids, nalipita karibu kila siku, na hapo ndipo nimejifunza kuisoma. Chini ya daraja hakuna ardhi ya kulitunzia joto, upepo unapita juu na chini, kwa hiyo linaganda wakati barabara iliyolifikia bado ina maji. Tazama tairi za gari lililo mbele yako. Zikiwa zinarusha maji, kisha ghafla zikaacha kurusha na barabara bado inang'aa, yale maji yameganda. Pia utasikia mikononi usukani umekuwa mwepesi isivyo kawaida. Hapo usifanye lolote la haraka. Toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, pita umenyoosha.

Usidhani siku ya baridi kali zaidi ndiyo yenye utelezi zaidi. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka, yenye utando wa maji juu, inateleza kuliko ile iliyokauka kwa baridi kali. Kwa upande mwingine, baridi ikizidi, chini ya kama 15 za Fahrenheit, chumvi ya barabarani inafanya kazi kwa shida, kwa hiyo usitegemee kwamba imemwagwa basi umesalimika.

Gari likiserereka, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kule unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko. Ukitazama mti, utaugonga. Kama lina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, na ni lazima usimame, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Kanyagio litatetemeka na kukoroma chini ya mguu, usiliachie. Malori ya rangi ya chungwa yanayosukuma theluji yaache mbele yako. Nyuma yao ndiko kwenye barabara iliyo salama.

Ukikwama au ukiegesha

Jiji la Minneapolis likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza kuanzia saa tatu hadi saa mbili asubuhi haturuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara za dharura, yaani zile kuu zinazosafishwa theluji kwanza. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa mingine ondoka upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa namba witiri. Ukipuuza, gari linavutwa, na faini yake inauma. Jirani zetu wa jiji la St. Paul wana utaratibu wao tofauti.

Kwenye buti weka blanketi, beleshi dogo, tochi, waya za kubusti, glavu, chakula kikavu na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama mbali na mji wakati wa dhoruba, baki ndani ya gari. Washa injini kama dakika kumi kila saa, ukishasafisha ekzosi, na uache dirisha wazi kidogo upande usio na upepo.

Chumvi

Chumvi hiyo hiyo inayotuokoa inakula gari kwa chini, mpaka mabomba ya breki. Lioshe kila joto likipanda juu ya kuganda, na uchague huduma inayopiga maji chini ya gari. Ukimaliza, fungua milango yote na buti, futa mipira ya kingo kwa kitambaa kikavu, kisha pakaa silikoni kidogo. Ukiondoka na milango ikiwa imelowa, kesho asubuhi itakuwa imegandia, na ukivuta kwa hasira mpira unachanika au kitasa kinabaki mkononi.